Kukagua Risasi za Kiwandani Kabla ya Kufyatua: Mwongozo Kamili kwa Wenye Silaha wa Arusha na Moshi

Boksi la risasi linapofungwa kiwandani, kila risasi iliyomo imeshapita kwenye vipimo vya mashine na macho ya wakaguzi. Yanayoipata baada ya hapo kiwanda hakiyaoni: kontena lililokaa bandarini juani, stoo isiyopitisha hewa, safari ya vumbi hadi Longido, au miezi mingi kwenye kabati lililopakana ukuta na banda la ng'ombe. Ndiyo maana risasi mpya nayo hukaguliwa, tena zaidi ya mara moja: inaponunuliwa, inapotolewa kwenda porini, na inaporudi bila kupigwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenye leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa wawindaji wenyeji, na kwa vijana wanaofanya kazi na kampuni za uwindaji zenye ofisi Arusha, ambao kila mwaka kabla ya msimu kufunguliwa Julai hukabidhiwa maboksi ya kupanga na kupakia. Hauhusu risasi zilizojazwa upya kwa mikono. Hizo zina kasoro zake na zinahitaji somo lake.

Sehemu za risasi

Risasi nzima ina vitu vinne. Kuna ganda, ambalo kwa kawaida ni shaba nyeupe au, kwa baadhi ya watengenezaji, chuma. Kuna fataki, kile kidude cha duara katikati ya kitako kinachogongwa na pini ya bunduki. Kuna baruti ndani. Na kuna kichwa, kile kinachoruka. Ganda lenyewe lina kitako chenye ukingo na mfereji wa kushikwa na kulabu (kindoano cha bunduki kinachovuta ganda tupu), mwili, na kwa risasi nyingi za raifo lina bega na shingo inayobana kichwa. Kwenye .375 H&H Magnum, aina ya risasi iliyotoka mwaka 1912 na bado ikiwa ndiyo ya kazi kwa wawindaji wengi wa nyati, kuna pia mshipi: pete nene ya shaba juu kidogo ya mfereji.

Ganda si chombo cha kubebea tu. Baruti ikiwaka, ganda hutanuka, hukaza kuta zake kwenye chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) na kuzuia gesi isirudi nyuma kwenye uso wa mpigaji. Kila kasoro ya ganda ipime kwa swali hilo: je, kuziba huko kutafanyika?

Meza, mwanga na vifaa

Kagua mchana, karibu na dirisha. Mwanga wa saa nne asubuhi unaoingia kwa ubavu huonyesha mbonyeo na ufa ambao taa ya darini inauficha. Bunduki isiwe mezani, wala kwenye chumba hicho; ibaki imefungiwa mpaka ukaguzi uishe. Hakuna sababu yoyote ya risasi na bunduki kukutana katika hatua hii. Watoto wawe nje, simu iwekwe pembeni, mlango ufungwe.

Tandika kitambaa cheupe cha pamba au sinia nyeupe. Andaa kitambaa kikavu cha kufutia, tochi ndogo, kipande cha kioo bapa, rula ya chuma, kalamu ya wino usiofutika na daftari. Ongeza vifaa viwili ambavyo Arusha si vigumu kuvipata, kwa sababu wafanyabiashara wa tanzanite wanavitumia kila siku: lenzi ya kukuza mara 10, na mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu au chini ya hapo. Cha mwisho ni venia, ile kalipa ya milimita 150 wanayoitumia mafundi wa karakana. Kila duka kubwa la vifaa vya ufundi mjini Moshi au Arusha linaijua.

Weka vyombo vitatu vilivyoandikwa waziwazi: NZURI, SHAKA, MBAYA. Risasi ikishaingia MBAYA haitoki humo kwenda porini, hata zikipungua. Osha mikono na ukaushe, maana jasho lina chumvi na alama ya kidole inayobaki kwenye shaba ndiyo mwanzo wa doa.

Anza na boksi

Kabla ya kumwaga risasi mezani, soma boksi. Andika daftarini jina la mtengenezaji, kaliba (aina ya risasi kwa upana na jina lake), uzito na aina ya kichwa, na namba ya toleo, ambayo mara nyingi imegongwa au kuchapwa ndani ya kifuniko au ubavuni. Namba hiyo ndiyo kitambulisho cha risasi zako. Mtengenezaji akigundua kasoro hutangaza namba za matoleo yanayotakiwa kurudishwa, na asiye na namba hawezi kujua kama zake zimo. Kwa hiyo usitupe boksi, na usichanganye matoleo mawili kwenye boksi moja hata kama ni ya kampuni ileile.

Angalia boksi lenyewe. Karatasi iliyovimba, alama ya maji, kona iliyopondeka au harufu ya ukungu inakuambia zipi za kuanza nazo.

Sasa linganisha maandishi matatu: yaliyo kwenye mtutu wa bunduki (uyanakili daftarini kabla ya kuifungia), yaliyo kwenye boksi, na yaliyogongwa kwenye kitako cha kila risasi. Yote matatu yawe sawa, neno kwa neno na namba kwa namba. Usiridhike na namba ya kwanza peke yake. .375 H&H si .375 Ruger. .416 Rigby si .416 Remington Magnum. .300 Winchester Magnum si .300 Weatherby. Kambi yenye wageni watatu na bunduki tano ni mahali ambapo risasi ya mmoja huangukia kwenye mkoba wa mwingine, na nyingine huingia kwenye chemba isiyo yake bila ugumu wowote. Risasi ya .300 Blackout hupita kwenye magazini (kisanduku cha bunduki kinachobeba risasi) ya .223, na ikifaulu kuingia chemba na kufyatuliwa, kichwa cha milimita 7.8 hulazimishwa kwenye mtutu wa milimita 5.7. Bunduki hupasuka.

Usitegemee venia kutambua aina. Urefu wa juu kabisa unaoruhusiwa wa .30-06 na wa .458 Winchester Magnum ni uleule, milimita 84.84, kwa sababu zote mbili zinakusudiwa kuingia kwenye bunduki za urefu mmoja. Kinachotambulisha risasi ni maandishi ya kitako, basi.

Risasi moja moja, kutoka kitakoni kwenda kichwani

Chukua risasi moja, ifute kwa kitambaa kikavu, iangalie yote, iweke kwenye chombo chake, ndipo uchukue nyingine. Fuata mpangilio uleule kila mara. Jicho lililozoea njia moja huona haraka pale kitu kinapokosekana.

Anza na fataki, maana ndiyo sehemu yenye hatari ya haraka zaidi. Inatakiwa ikae sawa na uso wa kitako au chini yake kidogo sana, takriban sehemu ya kumi ya milimita. Pitisha ncha ya kidole taratibu: unapaswa kuhisi kishimo kidogo au usawa, kamwe si kinundu. Ukihisi kinundu, simamisha risasi polepole juu ya kioo, kitako chini. Risasi nzuri hutulia. Yenye fataki iliyochomoza huyumba. Usiigonge wala usiiangushe kwenye kioo.

Fataki iliyochomoza huleta madhara matatu, mawili ya kwanza yakiwa yanapingana. Kwenye bunduki ya bolti (kile kipande kinachosukumwa kufunga chemba kwa nyuma), pigo la pini linaweza kumalizikia kuisukuma fataki ndani badala ya kuiwasha, na risasi inagoma mnyama akiwa mbele yako. Kwenye bunduki inayojipakia yenyewe ambayo pini yake haina springi ya kuirudisha, bolti ikifunga kwa kasi inaweza kuigonga fataki hiyo na risasi ikatoka bila kidole kugusa kifyatulio. Kwenye bunduki ya mitutu miwili inayokunjwa, kama .470 Nitro Express, fataki iliyochomoza huikwaruza sahani ya nyuma na bunduki hugoma kufunga, au hufunga kwa nguvu ambayo hutaki kuitumia hapo.

Tazama pia kama fataki imekaa kinyumenyume (utaona uwazi wenye kichuma cha miguu badala ya kikombe laini), kama imekaa upande, kama ina alama ya kugongwa, au kama haipo kabisa. Zote hizo ni MBAYA bila mjadala. Alama ya kugongwa maana yake mtu alishajaribu kuipiga ikagoma, kisha akairudisha kwenye boksi. Na jambo hilo hutokea.

Wino mwekundu, wa kijani au wa zambarau unaozunguka fataki si kasoro. Ni rangi ya kuziba unyevu. Vilevile mikwaruzo mitatu au duara lililobanwa kuzunguka fataki kwenye risasi zenye asili ya kijeshi ni namna ya kuishikilia isitoke. Kinachotia shaka ni mabaki ya mafuta. Mafuta ya kupenya, yale ya kulegeza boliti zenye kutu, hupita pembeni mwa fataki na kuua kemikali iliyo ndani. Ukiona kitako kinang'aa kwa mafuta, hata kama kila kitu kingine ni kizuri, weka kwenye SHAKA.

Bado uko kitakoni: zungusha ukingo. Ukingo uliopinda au kung'oka kipande utaikosesha kulabu mahali pa kushika, na ganda tupu litabaki chembani wakati unahitaji risasi ya pili. Kwenye .375 hakikisha mshipi hauna kovu wala uvimbe, kwa kuwa ndio unaoiweka risasi mahali pake chembani.

Panda kwenye mwili wa ganda. Izungushe pole pole chini ya mwanga wa ubavu. Unatafuta nyufa, mikunjo, mbonyeo na kutu. Mbonyeo mdogo, laini, usio na kona, hasa begani, mara nyingi umetokana na tone la kilainishi kwenye mashine ya kufinyangia, na hauna neno: moto wa kwanza utaunyoosha. Mkunjo wenye kona kali, au mstari ambao ukucha unakwama, ni habari nyingine; hapo shaba imejikunja juu ya yenyewe na inaweza kufunguka. Mfuo mrefu wa wima unaoshika ukucha nao unakataliwa.

Rangi inawachanganya wengi. Kivuli cha buluu au kahawia shingoni na begani ni alama ya moto ambao kiwanda kimeutumia kuilainisha shaba ya sehemu hiyo, na ni dalili nzuri. Weusi mwepesi wa shaba iliyokaa nao hauna madhara. Kijani ndicho cha kuuliza. Futa kwa kitambaa kikavu: kama kimeondoka chote na uso uliobaki ni laini chini ya lenzi, ganda limepona. Kama kumebaki vishimo, ganda limeliwa, na ukuta wake hapo si unene uleule tena. MBAYA. Usisugue kwa msasa wala kwa waya ili kuokoa risasi.

Mahali pa kukaa muda mrefu zaidi ni shingo. Chukua lenzi, elekeza tochi, zungusha risasi mzunguko mzima. Ufa wa shingo huwa mwembamba kama unywele, unaanzia mdomoni mwa ganda na kushuka kuelekea begani. Katika maeneo yetu una chanzo kimoja kinachostahili kuelezwa kwa kirefu.

Karne ya 19 jeshi la Uingereza lililokuwa India lilihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua za monsuni, na maganda ya shaba yakakutwa yamepasuka yenyewe bila kupigwa. Maelezo ya kisayansi yalikuja mwaka 1921: amonia kutoka kwenye mkojo wa wanyama, ikikutana na unyevu na shaba iliyobanwa wakati wa kufinyangwa, huivunja shaba hiyo polepole kwa kupita kwenye mipaka kati ya chembechembe zake. Sasa fikiria nyumba za miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Kibosho hadi Marangu, ambako ng'ombe wa maziwa anafugwa ndani banda likiwa hatua chache kutoka dirishani, na masika inalowesha kila kitu kuanzia Machi hadi Mei. Fikiria na mabanda ya kuku ya pembezoni mwa Arusha. Harufu ile inayochoma pua ndiyo amonia yenyewe. Kabati la risasi halitakiwi kuwa kwenye ukuta huo. Dawa nyingi za kung'arishia shaba nazo zina amonia, kwa hiyo usizitumie kamwe kwenye risasi hata ikiwa imefifia kiasi gani.

Malizia kwa kichwa. Shika ganda kwa mkono mmoja na ujaribu kuzungusha na kusukuma kichwa kwa vidole vya mkono mwingine, kwa nguvu ya vidole tu. Kisizunguke, kisizame, kisitoke. Kichwa kinachozunguka kinamaanisha shingo haikibani, pengine kwa ufa usiouona. Angalia kama mdomo wa ganda umekunjamana au umekwangua kichwa na kuacha unyoya wa shaba. Viringisha risasi juu ya kioo na utazame ncha: ikiyumba waziwazi, kichwa kimeingia mshazari. Hiyo haitalipua bunduki, lakini itaharibu shabaha, na kwa mnyama hatari shabaha mbaya ni usalama mbaya. Ncha ya risasi laini iliyobonyea kidogo kwa kugongana na wenzake ipeleke tu kwenye mazoezi. Ganda la nje la kichwa likiwa limeachana na madini ya risasi yaliyo ndani, kataa.

Venia na mizani

Pima urefu wa jumla wa risasi tano za boksi, toka kitako hadi ncha, upate wastani wa boksi hilo. Kisha pima zilizobaki. Hakuna risasi inayoruhusiwa kupita kikomo chake: kwa .375 H&H ni milimita 91.44, kwa .308 Winchester ni 71.37, kwa bastola ya 9×19 ni 29.69. Kwa kawaida zitakuwa fupi kuliko hapo, na hilo ni sawa. Ncha laini za risasi za raifo huweza kutofautiana hata nusu milimita kwa sababu ya umbo la ncha tu, kwa hiyo usikatae kwa hilo peke yake.

Bastola haina uvumilivu huo. Ganda la 9×19 ni dogo, na kichwa kikizama ndani, nafasi ya baruti inapungua na msukumo wa gesi unapanda kwa kasi. Kinachokizamisha kwa kawaida ni mwenye bastola mwenyewe: kila asubuhi anapakia risasi ileile ya juu, kila jioni anaitoa, na kila mara ncha inagonga njia ya kuingilia chembani. Risasi ya 9×19 iliyo fupi kuliko wenzake kwa zaidi ya milimita 0.3 iende MBAYA. Na tumia risasi kwa zamu: ile iliyokwisha kuingia chembani mara moja au mbili itumike kwenye mazoezi.

Mizani inatafuta kitu kimoja, ganda lisilo na baruti au lenye baruti pungufu sana. Kwa raifo inafanya kazi vizuri. .375 H&H yenye kichwa cha gramu 19.4 hubeba baruti ya takriban gramu 4.5, na .30-06 karibu gramu 3.6. Tofauti za kawaida kati ya ganda na ganda ni ndogo kuliko hizo, hivyo risasi iliyo pungufu kwa gramu moja na nusu au zaidi dhidi ya wastani wa boksi inajitokeza yenyewe. Kwa 9×19 usijidanganye. Baruti yake ni karibu gramu 0.3 hadi 0.4, na tofauti za uzito wa ganda na kichwa zinaweza kulificha pengo hilo. Hapo mizani haitoi hakikisho. Sikio lako uwanjani ndilo litakalofanya kazi hiyo, na tutalifikia.

Kutikisa risasi karibu na sikio hakuthibitishi lolote. Nyingine zimejazwa hadi juu na baruti imebanwa, hazitoi sauti, na ni nzima. Kinyume chake pia kipo: risasi za mwanzo za .458 Winchester Magnum, iliyotoka mwaka 1956, zilikuwa na baruti iliyobanwa sana ndani ya ganda fupi, na baada ya kukaa kwenye joto la Afrika baadhi ziligandamana na kuwaka vibaya. Zinazotengenezwa sasa zimerekebishwa, lakini ukikutana na maboksi ya zamani ya kaliba hiyo kwenye urithi wa mzee, usiende nayo kwa nyati.

Risasi za marisau

Hapa kosa kubwa zaidi si kasoro bali ni mchanganyiko. Geji ni kipimo cha upana, na risasi ya geji 20 ni nyembamba kuliko ya geji 12: ikiwekwa kwenye chemba ya geji 12 huteleza, hupita chemba na kukwama mbele mtutuni. Mpigaji anaona chemba tupu, anaweka ya geji 12, anafyatua, na mtutu unapasuka pale mkono wa mbele uliposhika. Watengenezaji wengi wameipa geji 20 rangi ya njano kwa sababu hiyo hasa. Usibebe geji mbili kwenye mfuko mmoja hata siku moja.

Linganisha pia urefu. Milimita 70 iliyoandikwa kwenye risasi ni urefu wake baada ya kufunguka. Ya milimita 76 ikiwa bado imekunjwa itaingia kwenye chemba ya 70 bila shida, kisha mdomo wake utafungukia kwenye sehemu nyembamba ya mtutu na kupandisha msukumo. Soma maandishi ya mtutu, hasa kwa bunduki za zamani za Kiingereza, ambazo nyingine zina chemba ya milimita 65 tu.

Kwenye risasi yenyewe tazama mkunjo wa nyota mdomoni: uwe umefunga, usiwe na tundu linalodondosha marisau. Plastiki isiwe imepauka na kupasuka ukiiminya. Ganda la karatasi lililovimba kwa unyevu halitaingia chembani, au litaingia na kugoma kutoka. Kitako kinachofanana na shaba mara nyingi ni chuma kilichopakwa, na hushika kutu haraka. Kutu iliyochimba inakataliwa. Fataki ikaguliwe kama ilivyoelezwa juu.

Kupitisha bundukini

Risasi zilizofaulu, hasa zile za kwenda kwa wanyama hatari, zipitishwe kwenye bunduki itakayozipiga. Fanya hivi uwanja wa shabaha, mtutu ukielekea kwenye kinga ya udongo, kidole nje ya kifyatulio. Salama zaidi ni fundi mwenye leseni akutolee pini ya kufyatulia kwanza. Jaza magazini, ingiza risasi moja chembani, funga bolti, itoe, endelea hadi iishe. Kila moja mara moja tu, kwa sababu ya kichwa kuzama. Bolti ifunge kwa uzito uleule kwa zote. Inayodai nguvu kidogo tu zaidi weka SHAKA, na kamwe usiipige bolti kwa kiganja ili ifunge.

Zilizokataliwa

Usizifungue kwa koleo, usizichome, usizitupe kwenye choo cha shimo, mtoni wala jalalani. Shaba ina soko kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na mtoto anayeokota jalalani ataiuza risasi nzima kama alivyoikuta. Zifungie peke yake zikiwa zimeandikwa, kisha zirudishe kwa muuzaji mwenye leseni pamoja na boksi na namba ya toleo, au uzikabidhi kituo cha polisi, ukidai maandishi yanayoonyesha idadi iliyopokelewa, ili hesabu ya leseni yako isipishane.

Kama kwenye boksi la 20 umepata moja yenye kasoro inayotoka kiwandani, mfano fataki ya kinyumenyume au ganda tupu, boksi zima linasubiri. Mashine iliyokosea mara moja inaweza kuwa imekosea tena dakika hiyohiyo. Kasoro ya hifadhi, kama kutu kwenye kona iliyoloa, haina uzito huo kwa zilizo kavu.

Hifadhi kati ya ukaguzi na ukaguzi

Pakavu, pa baridi, pa giza, pasipo kubadilika sana. Boksi la bati lenye mpira mfunikoni linatosha, ukiweka na vifuko vya kunyonya unyevu. Risasi zisiachwe kwenye dashibodi wala kwenye gari lililoegeshwa juani. Baruti iliyopata joto kali huwaka kwa msukumo wa juu zaidi, na joto la muda mrefu huizeesha. Mkanda wa ngozi ni mzuri kwa siku ya kazi, si kwa kuhifadhia: dawa za kulainishia ngozi hula shaba na kuacha kijani pale hasa kitanzi kinaposhika. Vumbi la Simanjiro na Ziwa Natron lifutwe kila jioni kwa kitambaa kikavu. Usipake risasi mafuta ili zisishike kutu. Mbali na kuua fataki, ganda lenye mafuta halishiki kuta za chemba, na msukumo wote unaishia kwenye bolti.

Siku ya kufyatua

Ukaguzi wa mezani hauoni ndani, kwa hiyo unamalizikia bunduki ikiwa begani. Ukisikia mlio wa pini peke yake bila mlipuko, baki umelenga kwenye kinga na uhesabu sekunde 30 bila kufungua. Baadhi ya fataki huchelewa kuwasha. Ukisikia mlio mdogo, teke hafifu la bunduki begani, au moshi ukitoka bila tundu kwenye shabaha, simama hapohapo. Usiipakie nyingine. Toa risasi zote, toa bolti, angalia mtutu kutokea nyuma kwenye mwanga, au upime kwa fimbo ya kusafishia kutokea mdomoni. Kichwa kilichobaki mtutuni hutolewa na fundi. Risasi nyingine ikipigwa nyuma yake mtutu unavimba au unapasuka.

Baada ya tano za kwanza za toleo jipya, okota maganda uyasome. Fataki iliyotobolewa au iliyobanwa ikawa bapa kabisa hadi kujaza pembe zake, alama nyeusi za gesi kuizunguka, au pete inayong'aa kuzunguka mwili wa ganda juu kidogo ya kitako: kimojawapo kikionekana, acha kupiga toleo hilo, funga maganda na risasi zilizobaki kwenye mfuko mmoja wenye namba yake, na upeleke bunduki ipimwe chemba kabla ya kuilaumu risasi, kwa kuwa chemba iliyolegea huandika alama hiyohiyo ya pete.